Haki ya Kuua Panya na Mipaka Yake

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama, nayo yapigwa chapa hapa kwa maombi ya waliohudhuria.)



Ilipojulikana kwamba nitasema juu ya panya, baadhi ya rafiki zangu walicheka, wakaniuliza, "Je, mambo ya mishahara na nyumba yamekwisha, hata tukae tuzungumze habari za panya?" Nami nawajibu kwamba sikuja kuwachekesha. Jambo la panya ni jambo la chakula chetu, la afya ya watoto wetu, na la majalada tuliyokabidhiwa kazini; na zaidi ya hayo ni jambo la ujirani. Tena kwangu mimi ni jambo la aibu, na afadhali niitoe aibu hiyo kwanza, kabla sijathubutu kumfundisha mtu mwingine neno lo lote.

Zamani nilikuwa karani wa ghala katika kituo ambacho sitakitaja. Tulikaa katika nyumba za safu, mlango kwa mlango, na mfereji mmoja wa maji machafu ukipita nyuma yetu sote. Panya walikuwa wengi. Walitoboa gunia langu la mahindi, wakala sabuni, wakatafuna hata kola ya shati niliyoweka kwa siku ya kwenda mbele ya mkubwa wangu. Nikakasirika. Nikanunua kwa mchuuzi wa njiani kikaratasi cha sumu kisicho na jina wala maandishi yo yote. Nikaichanganya na ugali na dagaa, nikaiweka kando ya mfereji, nikalala usingizi mzuri kama mtu aliyetimiza wajibu wake.

Asubuhi niliokota panya wanne, nikafurahi. Hatua chache mbele nikamkuta paka wa mama mmoja mzee, jirani yangu wa mlango wa tatu, amelala amekauka. Furaha ikapungua. Kisha nikainua macho, nikamwona mjukuu wa mama yule, mtoto wa miaka sita hivi, amemshika kuku kwa miguu akimkimbiza jikoni ili achinjwe upesi kabla hajafa, kama ilivyo desturi yetu sote kuku akionekana kulegea. Ndugu zangu, sijapata kukimbia vile maishani mwangu. Nilimpokonya mtoto kuku yule mlangoni pa jiko, kisu kikiwa tayari mkononi mwa bibi yake.

Sikuwa na njia ila kusema kweli. Nikamwambia, "Niwie radhi, mama, sumu ni yangu, niliwatilia panya." Mama yule hakupiga kelele. Alimtazama mjukuu wake, akanitazama mimi, akasema, "Mwanangu, panya walikuwa wako. Kuku na paka walikuwa wa nani? Na huyu mtoto ni wa nani?"

Kuku nililipa. Paka sikuweza kumlipa, maana paka mwindaji hapatikani sokoni. Na kabla miezi miwili haijapita panya wa safu yetu walikuwa wengi kupita kwanza, kwa kuwa yule aliyekuwa akiwala usiku na mchana nimemwua kwa mkono wangu. Lakini swali la mama yule sikuweza kulilipa hata leo. Ndilo nililokuja kulijibu mbele yenu: je, mtu anayo haki ya kuua mnyama mharibifu, na kama anayo, haki hiyo yaishia wapi?

Kwanza, haki hiyo ipo, wala sitaki mtu atoke hapa akidhani nimekuja kuwatetea panya ili wale watu. Wataalamu wamekadiria kwamba katika Tanzania panya huharibu kati ya 5 na 15 katika kila 100 ya mavuno ya mahindi. Panya shamba, ambaye Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro kimemchunguza kwa miaka mingi, huweza kuzaa watoto kumi na zaidi kwa mara moja, na mimba yake haitimizi mwezi. Tena kuna maradhi. Mwaka 1894 Bwana Alexandre Yersin alikitambua kijidudu cha tauni huko Hong Kong, na mwaka 1898 Bwana Paul-Louis Simond alionyesha huko Karachi kwamba kiroboto wa panya ndiye amletaye mtu ugonjwa huo. Mwaka 1902 tauni ilipoingia Nairobi, soko la Wahindi lilichomwa moto kwa ajili yake. Nasi tusidhani kwamba hayo ni mambo ya mababu tu: tangu mwaka 1980 tauni ilionekana Lushoto, katika milima ya Usambara, ikarudi mara kwa mara kwa miaka mingi, ikaua watu.

Dini zetu nazo hazikukataa. Katika mafundisho ya Kiislamu panya ametajwa miongoni mwa wanyama wanaoweza kuuawa hata na mtu aliye katika ihramu. Na mafundisho hayo hayo yaagiza kwamba mtu akiua na aue kwa wema, asimtese kiumbe. Nayo Biblia, katika Mithali, yamhesabu kuwa mwenye haki mtu anayeuangalia uhai wa mnyama wake. Basi ruhusa na mpaka vimekuja pamoja tangu zamani. Sisi ndio tulioshika ruhusa tukauacha mpaka.

Wala tusiseme kwamba panya ni kiumbe kibaya kwa asili yake. Pale pale Morogoro panya buku hufundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na kutambua kifua kikuu katika makohozi ya wagonjwa. Mmoja wao, aliyeitwa Magawa, alizaliwa Tanzania mwaka 2013, akafanya kazi Kambodia, akapewa nishani ya dhahabu huko Uingereza mwaka 2020 kwa kuokoa maisha ya watu. Alikufa Januari 2022. Panya hana nia mbaya kwetu. Afuata chakula tulichokiacha wazi na tundu tulilokosa kuliziba. Twamwua kwa sababu twahitaji, si kwa sababu ametukosea adabu. Na mtu anayeua kwa haja hana ruhusa ya kuua kwa hasira.

Pili, natazama sheria, maana sisi ni watu wa sheria na kanuni, nayo ndiyo kazi yetu ya kila siku. Huko Uingereza, ambako sheria nyingi za Afrika ya Mashariki zilichukua mfano wake, sheria ya mwaka 1911 juu ya ulinzi wa wanyama ilimruhusu mtu kuweka sumu ya panya kwa ajili ya afya au kilimo. Lakini ilimtaka awe amefanya kila tahadhari ifaayo ili mbwa, paka, kuku na wanyama wengine wa nyumbani wasidhurike. Angalieni, mabwana, jinsi ruhusa na sharti zilivyofungwa kwa kamba moja. Kama ningaliisoma sheria hiyo kabla ya kuiweka sahani yangu kando ya mfereji, ningalijua kwamba neno la mama yule lilikuwa limekwisha andikwa.

Mwaka 1919 ikaja sheria nyingine huko huko, ikamwekea mwenye nyumba au shamba wajibu wa kuwaangamiza panya walio mahali pake, nayo ikafuatwa na sheria ya mwaka 1949. Vivyo hivyo Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1921, iliagiza kwamba maghala ya chakula cha biashara yajengwe kwa namna isiyopitisha panya. Basi sheria haisemi tu, "Waweza kuua panya." Yasema pia, "Usiwape panya mahali pa kukaa." Anayefuga taka nyuma ya nyumba yake, kisha akawatilia panya sumu, ameanza kuisoma sheria ukurasa wa mwisho.

Kwetu Tanzania kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo msingi wake ni kwamba mnyama ni kiumbe chenye kuona maumivu. Kuna pia Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, iliyounda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kwa sheria hiyo sumu ya kuulia viumbe waharibifu sharti iwe imesajiliwa ndipo iuzwe. Kikaratasi changu cha mchuuzi hakikuwa na jina. Sumu isiyo na jina, hata daktari hajui aitibu kwa dawa gani.

Na wale kati yenu ambao wakienda likizo hukuta nyani na nguruwe mwitu wameingia katika mashamba ya wazee wao, nawakumbusha kwamba hao si panya mbele ya sheria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yamruhusu mtu kumwua mnyama wa mwitu ili kutetea maisha au mali. Lakini sharti atoe habari kwa wenye mamlaka, na mnyama aliyeuawa ni mali ya Serikali. Tena sumu ni njia iliyokatazwa katika kuwinda. Sababu yake si ngumu kuiona. Mtu akitia sumu katika mzoga ili amwue fisi au simba aliyekula ng'ombe wake, hufa pia tai, na tai mmoja hawaji peke yake. Alikusudia kumwadhibu mwizi mmoja, akaua kundi zima la wafagiaji wa nchi.

Tatu, natazama namna ya kuua, maana hapo ndipo wengi wetu hatufikiri kabisa. Sumu za panya zitumiwazo sana siku hizi ni zile zizuiazo damu isigande. Ya kwanza kupata sifa ni warfarini, iliyoanza kuuzwa kwa kazi hiyo mwaka 1948 huko Marekani. Panya akiila hafi siku ile. Hutokwa damu ndani ya mwili kwa siku kadhaa. Ubaya wake ni kwamba kifo ni cha pole pole. Uzuri wake ni kwamba, mtu au mbwa akiila kwa bahati mbaya, iko dawa yake, nayo ni vitamini K, akiwahishwa hospitali. Lakini zile zilizotengenezwa baadaye ni kali zaidi, nazo hukaa mwilini muda mrefu. Ndege alaye panya aliyezila hujikusanyia sumu kidogo kidogo mpaka naye aanguke. Na vile vidonge vya kufukizia nafaka, ambavyo watu wengine huviweka katika vyumba vya kulala ili kuua panya na kunguni, hutoa hewa yenye kufisha vikikutana na unyevu. Hewa hiyo haiulizi nani panya na nani mtoto. Hupita chini ya mlango na katika nyufa za ukuta hata chumba cha jirani. Vidonge hivyo si vya nyumba ya mtu, kamwe.

Iko pia mitego ya gundi. Panya hunaswa miguu na manyoya, akalia usiku kucha, akajirarua ngozi, akafa kwa kiu au kwa hofu. Na mwenye nyumba humtupa jalalani angali hai. Huko England sheria ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Julai 2024, imekataza mtego huo kwa watu wote ila mafundi wenye leseni. Na Wales waliukataza mwaka 2023. Huenda mtu akasema kwamba nchi iliyoshiba ndiyo yenye nafasi ya kuwahurumia panya. Namjibu kwamba huruma hii haina gharama. Mtego wa chuma wenye nguvu, unaovunja shingo kwa pigo moja, hutumika miaka mingi, haumsumbui mnyama, hauachi sumu, na mtoto akiugusa ataumia kidole, hatakufa. Kilicho chema zaidi hapa ndicho kilicho rahisi zaidi.

Wako watakaosema, "Basi na walipwe watu kwa kila panya watakayemwua, kazi itakwisha." Jambo hili lilikwisha jaribiwa. Mwaka 1902 Serikali ya Kifaransa huko Hanoi ilitangaza malipo kwa kila mkia wa panya. Mikia ikaja kwa maelfu. Makarani wakahesabu, fedha ikatoka, na panya hawakupungua. Baadaye wakaonekana panya wakitembea mjini bila mikia, kwa kuwa watu waliwakata wakawaachia wakazae. Na wengine wakaanza kuwafuga. Nadhani kila karani aliye hapa aielewa hadithi hiyo bila maelezo. Ukilipia mkia, utaletewa mikia.

Na palipo na tauni, kuua panya kwa pupa ni hatari yenyewe. Panya akifa, viroboto wake humwacha wakatafuta damu nyingine, na damu iliyo karibu ni ya mtu aliyelala chini. Kwa hiyo kanuni ya afya ni kuua viroboto kwanza, ndipo panya. Ukiona panya wanakufa wenyewe nyumbani, usiwashike kwa mkono. Mwite bwana afya upesi.

Nne, na hili ndilo kubwa, kuua peke yake hakumalizi kitu. Ukiua panya kumi ukaacha chakula cha panya kumi, waliobaki watazaa mpaka nafasi ijae tena. Kinachowapunguza ni njaa na kukosa mahali. Kipanya wa nyumbani aweza kupita katika tundu la robo inchi, na panya katika la nusu inchi. Basi zibeni kwa bati, wavu wa chuma au saruji, wala si kwa matambara. Kihenge na kiinuliwe juu ya nguzo kiasi cha hatua moja kutoka chini, na kila nguzo ivishwe bati lililokunjwa kama pia, mdomo wake ukitazama chini, ili panya akipanda agonge kichwa arudi. Nyasi zikatwe kuzunguka nyumba. Taka zifukiwe. Majalada ya ofisi yasiwekwe sakafuni, na mtu asile chakula chake cha mchana juu ya meza ya majalada, kisha akamlaumu panya kwa kuzitafuna hati.

Na jambo jingine, ijapokuwa najua wengine watanuna. Bundi. Sisi tukisikia sauti yake juu ya paa twasema ni uchuro, twamtupia mawe mpaka afe. Lakini bundi yule hakuja kuleta habari za msiba; alikuja kula panya, wala hadai mshahara. Mimi nilimwua paka kwa sumu, na wengi wetu twamwua bundi kwa mawe. Kisha twasimama katika baraza tukiuliza kwa nini panya wamezidi. Mwachieni bundi kazi yake.

Najua lipo jibu moja lililo zito kuliko mengine, nami sitaki kulipita. Mtu mwenye mshahara mdogo atasema, "Bati sina, saruji sina, nyumba si yangu ni ya Serikali, na sumu ya mchuuzi naweza kuinunua leo." Neno hili ni la kweli. Mfereji ule wa kituo changu haukuwa wangu wala wa mama yule, na kila mlango ulingoja mlango mwingine uusafishe. Ndiyo sababu nimeleta habari hii katika chama, wala sikuisema njiani kwa mtu mmoja mmoja. Panya hajui mpaka wa nyumba. Basi haiwezekani mtu mmoja kumshinda peke yake, na anayejaribu peke yake aghalabu hufanya kama nilivyofanya mimi.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naleta mbele ya mkutano maazimio manne. La kwanza, wanachama wote wakaao katika nyumba za safu waafikiane siku moja kila mwezi ya kusafisha mifereji na kufukia taka, mkubwa na mdogo pamoja. La pili, chama kinunue mitego ya chuma kwa fedha ya mfuko, iazimwe kwa zamu na kuandikwa katika daftari kama tuandikavyo vitabu vya maktaba. La tatu, mwanachama asiweke sumu bila kuwaambia majirani wake, wala asinunue sumu isiyo na jina. Na ikiwa hapana budi, iwekwe ndani ya sanduku lenye tundu la panya tu, mahali asipofika kuku wala mtoto, na mizoga ifukiwe. La nne, Katibu aandike barua kwa wakuu wa idara kuomba bati na wavu kwa ajili ya milango na madirisha ya nyumba zetu, kwa sababu sheria inayomtaka mkaaji asifuge panya yapasa imtake na mwenye nyumba asiwajengee.

Nimekwisha. Mama yule aliniuliza mtoto ni wa nani. Siku ile nilinyamaza kwa aibu. Leo naweza kusema kwamba alikuwa wangu pia, kwa maana mtu akiweka sumu nje ya mlango wake, kila kiumbe apitaye pale yu katika dhamana yake mpaka sumu ile itakapoondolewa. Hapo ndipo haki yangu ya kuua panya ilipoishia, nami niliuvuka mpaka huo bila kuuona. Nawaomba ninyi muuone kabla ya kufika.